Binti anapenda Fizikia, shule inamwambia aende arts: wasichana wanapungulia wapi?

Swali: Nina binti yupo kidato cha pili, sekondari ya kata huku Kilosa. Anapenda masomo ya sayansi, Fizikia zaidi, ila mtihani wa muhula alipata 41. Mwalimu ameshawaambia kwamba wenye alama za chini wakiingia kidato cha tatu "wadrop" Fizikia na Kemia, wahamie arts, na walionyoshewa kidole karibu wote ni wasichana. Mjomba wake anasema afadhali, kichwa cha mwanamke hakishiki namba, ndiyo maana mainjinia wa kike hawaonekani. Ni kweli? Kama si kweli, kwa nini ni wachache hivyo, na mimi niliyeishia darasa la saba nitamsaidiaje kabla ya Januari?

Jibu: Mama, tuanze na mjomba ili tumalizane naye. Kilakala ipo mkoani kwenu, Morogoro mjini. Hiyo, pamoja na Msalato ya Dodoma na Tabora Wasichana, ni shule za serikali za vipaji maalumu, na zimejaa mabinti wanaosoma Fizikia na Hisabati bila mtu kushangaa. Atakwambia wale wamechaguliwa. Ni kweli, na wavulana wa Mzumbe na Ilboru nao wamechaguliwa. Mtajie pia Profesa Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata udaktari wa Hisabati, aliyebobea katika mwendo wa vimiminika. Akiendelea kubisha mwache, wewe una kazi ya kufanya.

Kauli kwamba wanawake ni wachache kwenye sayansi inafunika mambo mengi. Kwa takwimu za UNESCO zilizotolewa 2021, wanawake duniani ni kama theluthi moja ya watafiti. Kwa wanaohitimu vyuo, ni asilimia 40 ya wahitimu wa sayansi ya kompyuta na asilimia 28 tu ya wahitimu wa uhandisi. Wakati huohuo, kwenye fani za afya wanawake ndio wengi. Kwa hiyo msichana hakimbii sayansi yote. Anapungua pale panapodai Fizikia na Hisabati kwa pamoja, na hapo ndipo binti yako anapotaka kwenda. Kupungua huko hakutokei siku moja, wala hakutokani na uamuzi wake peke yake. Kuna vituo vinavyojulikana, kila kimoja kina tarehe yake, na cha kwanza ndicho hicho cha Januari.

Hiki cha kwanza nitakieleza kwa kirefu kwa sababu ndicho kibaya kuliko vyote. Katika utaratibu uliouelezea, Hisabati na Biolojia mwanafunzi anaendelea nazo mpaka kidato cha nne. Fizikia na Kemia ndizo zinazoachwa. (Mitaala inabadilishwa hatua kwa hatua tangu 2024, kwa hiyo muulize mwalimu wa taaluma darasa la binti yako liko kwenye mtaala upi.) Akishaziacha, tahasusi za kidato cha tano za PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) zimefungwa, na diploma za uhandisi nazo zimefungwa. Atakayetaka kurudi baadaye itabidi afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na huko kupata maabara ya kufanyia praktiko ni msalaba mwingine. Anayeacha arts akajuta ana njia nyingi za kurekebisha. Anayeacha Fizikia akiwa na miaka kumi na tano hana nyingi.

Kwa nini shule inawasukuma? Mara nyingi hakuna aliyekaa akapanga kuwaonea wasichana. Shule ina mwalimu mmoja wa Fizikia, pengine wa kujitolea, maabara ina vifaa vya kutosha watu thelathini, na matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yakitoka shule inapimwa kwa wastani. Mkuu wa shule anataka darasa dogo la sayansi lenye uhakika. Anapochuja, anachuja kwa alama za kidato cha pili na kwa sura anazozikumbuka, yaani wale wanaonyoosha mikono. Msichana mkimya mwenye 41 na mvulana msumbufu mwenye 41 hawatazamwi sawa: mvulana ataambiwa akaze, msichana ataambiwa apumzike. Utaratibu unaonekana wa haki kwenye karatasi, na bado darasa la sayansi linabaki na wasichana sita.

Sasa hiyo 41. Kwa madaraja ya NECTA, D ni 30 hadi 44, na C inaanzia 45. Binti yako amekosa alama nne. Kabla hujakubali kwamba somo limemshinda, mwambie alete karatasi zake za majaribio na za mtihani wa muhula, mkae nazo chini muone alama zimedondokea wapi. Huhitaji kujua Fizikia kwa kazi hii. Kuna makosa ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni vipimo, na ndiyo inayokula alama nyingi kidato cha pili. Chukua swali la kawaida la mgandamizo: mtu wa kilo 60 amesimama, nyayo zake zinagusa eneo la sentimita za mraba 150, tafuta mgandamizo. Uzito wake ni nyutoni 600. Eneo linatakiwa ligeuzwe kuwa mita za mraba, na hapo mwanafunzi anagawa kwa 100 kama alivyozoea kwenye sentimita za kawaida, anapata 1.5, na jibu linatoka paskali 400. Eneo hugawanywa kwa 10,000, kwa sababu mita moja ya mraba ni sentimita 100 mara 100. Ilitakiwa 0.015, na jibu paskali 40,000. Kanuni aliijua, hesabu ya kugawanya aliijua, na bado amepoteza alama ya jibu na pengine ya njia. Wewe unaweza kukagua hivi: kila swali lenye cm, g au dakika, tafuta kwenye daftari mstari unaogeuza kipimo. Kama mstari haupo, piga duara. Kama jibu la mwisho ni namba tupu isiyofuatwa na N, Pa, J au kg/m³, piga duara lingine. Duara hizo peke yake mara nyingi zinazidi alama nne.

Aina ya pili ni lugha. Shule ya msingi ya serikali alifundishwa kwa Kiswahili, sekondari maswali yako kwa Kiingereza, na miaka miwili ni michache. Utaiona pale alipoacha nafasi wazi au alipoeleza jambo ambalo halikuulizwa. Mwambie akueleze swali kwa Kiswahili. Akilieleza na kulijibu vizuri kwa mdomo, Fizikia anayo, kilichopungua ni kama maneno mia moja ya maswali. Atengeneze daftari dogo, kila siku maneno matano kutoka kwenye pepa zilizopita, neno na sentensi yake nzima.

Aina ya tatu ni mada ambayo haikufundishwa kabisa, kwa sababu mwalimu alihama au muhula uliisha. Hapo hakuna kosa la mtoto. Orodhesheni mada hizo na mtafute mtu wa kuzifundisha likizo ya Desemba. Tuisheni ya mada nne zinazojulikana inasaidia kuliko tuisheni ya "Fizikia" kwa jumla, na gharama yake ni ndogo.

Baada ya karatasi, angalia saa. Hapa, Mama, niseme wazi jambo ambalo wazazi hawapendi kulisikia: sehemu ya tofauti kati ya wasichana na wavulana inatengenezwa nyumbani, kati ya saa kumi jioni na saa tatu usiku. Tuseme binti anatumia saa moja na nusu zaidi ya kaka yake kila siku ya shule, maji, kupika, vyombo, kumbeba mdogo wao. Mwaka wa masomo una siku 194. Hizo ni saa 291. Kipindi ni dakika 40, kwa hiyo ni zaidi ya vipindi 430 kwa mwaka, na Fizikia na Hisabati ni masomo ya mazoezi: asiyekokotoa hayaelewi hata akihudhuria kila siku. Wala kumwambia asome akishamaliza kazi hakusaidii. Saa tatu usiku mwili umechoka na namba hazikai. Geuza mpangilio: akirudi shule, saa moja ya kwanza ni ya daftari, ndoo zisubiri au kaka yake azichukue. Jumatatu na Jumatano Fizikia, Jumanne na Alhamisi Hisabati, Ijumaa marudio ya makosa ya wiki. Saa moja ya mchana mara tano inashinda saa tatu za usiku mara moja.

Hisabati usiiache nyuma ya Fizikia. Kwenye matokeo ya kidato cha nne ya 2022, waliofaulu Hisabati nchi nzima walikuwa kama asilimia 20 tu, wavulana na wasichana pamoja, kwa hiyo akifeli hatakuwa peke yake, na ndiyo maana kufeli kumeonekana kitu cha kawaida. Mtihani wenyewe una muundo unaotabirika: maswali kumi ya alama 6 sehemu A, manne ya alama 10 sehemu B. Akizishika sawasawa mada za maswali manane ya sehemu A, ana 48, na 48 ni C.

Kituo cha pili kiko ndani ya maabara na hakina tangazo. Wanafunzi kumi wanazunguka bureti moja, lile bomba la kioo lenye koki la kupimia kimiminika. Mvulana mmoja anaishika na kufungua koki, wa pili anatikisa chupa, wa tatu anasoma namba kwa sauti, na wasichana wanaandika jedwali kwa sababu "wana mwandiko mzuri". Kila wiki ni vilevile. Msichana anatoka na jedwali safi ajabu na hajawahi kugusa kifaa. Siku ya praktiko ya NECTA kila mtahiniwa yuko peke yake mbele ya bureti yake. Hapo ndipo anasahau kutoa faneli juu ya bureti, nayo inadondosha tone baada ya kusoma. Anaacha kiputo cha hewa kwenye ncha, kinatoka katikati ya kazi na kuongeza ujazo ambao haukutumika. Anasoma ukingo wa juu wa mkunjo wa kimiminika badala ya kitako chake, tena akiwa amesimama, jicho halilingani na mstari. Anasuuza pipeti kwa maji peke yake, akayachanganya na myeyusho. Matokeo yake ya kwanza, ya pili na ya tatu yanatofautiana kwa sentimita nzima ya ujazo wakati yanatakiwa yakaribiane ndani ya 0.2. Mtahini anaona jedwali tu. Hajui kwamba huyu ni mara yake ya kwanza kushika koki.

Ni kwa sababu hii, nadhani, shule za wasichana watupu zinafanya vizuri katika masomo haya kuliko watu wanavyotegemea. Hakuna mvulana wa kumwachia bureti. Katika shule ya mchanganyiko dawa yake ni ndogo sana na haina gharama: majukumu yazunguke, kila kipindi mtu abadilishe, na aliyeandika wiki hii ndiye atakayeshika wiki ijayo. Mwalimu akiombwa kwa heshima huwa hakatai, kwa sababu hata yeye hakuwa ameliona.

Kuna praktiko ya Fizikia ambayo mnaweza kuifanya nyumbani, wewe na yeye, na ni ileile inayotoka kwenye mitihani. Chukua uzi usiovutika, nati kubwa ya baiskeli, rula na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Funga uzi kwenye msumari mlangoni, nati ining'inie bila kugusa kitu. Urefu unapimwa kutoka kwenye msumari mpaka katikati ya nati, siyo mpaka kwenye fundo. Anzeni na sentimita 100. Avute nati pembeni kidogo, sentimita 10 zinatosha, aachie bila kusukuma. Kwenda na kurudi ni mzunguko mmoja. Wewe shika simu, yeye ahesabu ishirini. Inatakiwa kama sekunde 40. Kwa sentimita 80 ni kama 36, kwa 60 kama 31, kwa 40 zaidi kidogo ya 25, kwa 20 kama 18, na kadiri uzi unavyofupishwa, mvuto wa pembeni nao upunguzwe. Kila muda agawe kwa 20, jibu alizidishe kwa lenyewe, achore grafu dhidi ya urefu kwa mita. Mstari unapita kwenye sifuri, mwinuko wake ni karibu 4, na 39.5 (yaani 4π²) ukigawa kwa mwinuko huo inatoka karibu 9.8, mchapuko wa uvutano wa dunia, umepatikana kwenye mlango wako.

Kosa linalotokea karibu kila mara ni kuanza kuhesabu "moja" pale anapoachia nati. Hapo anakuwa amepima mizunguko 19 na kuigawa kwa 20, na jibu linatoka karibu 10.9. Aanze kwa "sifuri". Akipata 10.9, usimwambie kosa liko wapi, mwache alitafute mwenyewe.

Kituo cha tatu kitakuja kidato cha nne, wakati wa kujaza tahasusi. Msichana aliyefaulu sayansi vizuri anajaza PCB, kwa sababu amewaona manesi na madaktari wa kike tangu kliniki ya chanjo, ila injinia wa kike wa maji au wa umeme hajawahi kumwona. PCB ni nzuri kwa anayetaka udaktari. Kwa anayetaka uhandisi ni mtego: haina Hisabati ya juu, ana BAM tu, yaani Hisabati ya msingi ya ziada, na shahada za uhandisi kwa kawaida zinadai Hisabati ya juu na Fizikia kama masomo makuu. Amalize kidato cha sita na division one, bado mlango wa uhandisi hauna ufunguo. Anayetaka kuacha milango mingi wazi achukue PCM. Orodha imekuwa ndefu tangu 2024, Tamisemi ilipoongeza tahasusi mpya 49, kwa hiyo kabla ya kujaza tahasusi yoyote yenye jina la kuvutia, fungueni mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, muone kozi anayoitaka inadai masomo gani. Matokeo yakitoka huwa kuna dirisha la kubadilisha tahasusi mtandaoni. Ni la siku chache na wengi hulikosa.

Na kidato cha tano siyo njia pekee. Kwa ufaulu wa D nne zenye Hisabati, Fizikia na Kemia ndani yake, kwa kawaida anaweza kuomba diploma ya uhandisi katika vyuo kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha, miaka mitatu, akitoka huko na GPA ya 3.0 au zaidi anaomba shahada. Kwa binti anayejifunza kwa mikono naiona njia bora kuliko kidato cha sita, ingawa wazazi wengi wanaidharau. Fedha nazo zimelegea: ada ya kidato cha tano na sita iliondolewa 2022, Bodi ya Mikopo inakopesha baadhi ya wanafunzi wa diploma tangu 2023/24, na Samia Scholarship inawalipia waliofanya vizuri sana kidato cha sita katika sayansi. Serikali imejenga pia, kupitia mradi wa SEQUIP, shule za bweni za wasichana za sayansi mikoani, na hizo zinastahili kuulizwa.

Vituo vya mbele nitavipitia haraka, maana bado viko mbali naye. Mimba ilikuwa mwisho wa shule. Tangu Novemba 2021 anayejifungua anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Chuoni na kwenye mafunzo kwa vitendo kuna rushwa ya ngono. Ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na simu ya bure ya TAKUKURU ni 113. Halafu mhitimu wa uhandisi anafanya kazi miaka mitatu chini ya usimamizi kabla ya kuomba kwa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu, na miaka hiyo inaangukia palepale penye ndoa na uzazi. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, 100 akijifungua mapacha, lakini kambi za ujenzi zenye choo kimoja na viatu vya namba ya wanaume hazijaisoma hiyo sheria. Wengi wanaoonekana "wameacha fani" waliondoka hapo, wakiwa na cheti mkononi.

Rudi kwenye Januari. Usisubiri matokeo ya kidato cha pili ndipo uende shuleni, maana majina ya michepuo yakishabandikwa ubaoni mwalimu anakuwa anatetea orodha. Nenda Oktoba, kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, umwone mwalimu wa taaluma. Beba daftari la marudio na karatasi zenye duara zako. Muulize alama ya chini ya kubaki sayansi ni ngapi, na kama ni ileile kwa wavulana. Muulize nani atafundisha Fizikia kidato cha tatu. Kisha omba kitu kimoja tu: abaki mchepuo wa sayansi mpaka mtihani wa Juni wa kidato cha tatu, na akiwa chini ya 45 mkae tena. Ombi lenye tarehe na namba ni gumu kulikataa. Akikujibu kwamba mwakani hakuna mwalimu wa Fizikia kabisa, hapo tatizo limebadilika, na uanze mapema kutafuta nafasi shule nyingine. Uhamisho unaanzia kwa mkuu wa shule anakotoka, na anakokwenda lazima wakubali kwamba nafasi ipo ndani ya darasa la sayansi, na siyo nafasi ya kidato cha tatu tu.